Magadi Ndani ya Sabuni

Mwaka huo sabuni ilikuwa imeadimika Tanzania. Jacinta aliichemsha uani kwake Taveta, upande wa Kenya, kwa mafuta ya ng'ombe na kuiuza Holili, ng'ambo ya mpaka, kupitia mchuuzi aitwaye Lois. Kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, ilipomwishia, wifi yake Tryphena, aliyemsaidia kazi, alileta magadi ya kupikia.

"Haya hulainisha maharagwe makavu kama mawe," alisema. "Yatashindwa na mafuta?"

Yalishindwa. Kostiki huvunja mafuta hadi yawe sabuni. Magadi ni hafifu, na sehemu kubwa ya mafuta hubaki mafuta. Lakini mchanganyiko ulipopoa uliganda, ukakatika vipande vizuri. Jacinta, akiogopa kumpoteza Lois, aliviuza bila kujaribu hata kimoja.

Siku ya soko Lois alirudi sokoni Taveta na kapu la vipande hivyo, limezingirwa na nzi. Akaweka beseni la maji ya kisima na kipande kimoja mbele ya Jacinta.

"Dada, nawa."

"Hapa, mbele ya watu?"

"Wateja wangu wameoga mbele ya nzi."

Kukataa kungekuwa kukiri. Jacinta akasugua. Povu halikutoka. Kile kidogo kilichokuwa sabuni kilishikwa na chokaa ya maji, kikawa utando wa kijivu ulioganda kwenye vinyweleo. Mafuta yaliyosalia yalimpaka hadi viwikoni, yakanata kama sufuria ya nyama iliyolala bila kuoshwa. Unywele wa ng'ombe ulimkwama chini ya ukucha. Uvundo ukapanda, na muuza ndizi wa jirani akasogeza mikungu yake.

"Tutie mkaratusi," Tryphena alinong'ona. "Harufu itakatika."

"Mzoga ukipakwa marashi utaula, wifi?" Lois akamuuliza.

Jacinta alinusa kiganja. Mate machungu yakamjaa mdomoni, akageuka, akatema.

"Zirudishe zote," alisema. "Nitazifukia."

"Na Holili niseme nini?"

"Sema sina sabuni mpaka nipate kostiki."

"Kule Mboghoni kuna mama anayo sabuni." Lois alimwaga vipande chini, akakung'uta kapu. "Nilikuwa nakuja kwako kwa sababu ni karibu tu."

Akaondoka. Jacinta akachota majivu mekoni mwa muuza chai, akaanza kujisugua mikono upya. Ngozi ilianza kuwasha, lakini mafuta hayakutoka.