Alama ya Penseli

Kwa Mzee Lachlan, mlima hupandwa kwanza mezani. Theluji ilianguka taratibu nje ya dirisha la jikoni, chai ikapoa, na yeye na bintiye Morven walikuwa wameshavuka mto, wameshapita kibanda cha wachungaji, sasa wako mgongoni mwa mlima Beinn Luath, wote wawili wakiwa na soksi tu miguuni.

"Hapo polepole," mzee alisema, kidole juu ya ramani. "Upepo wa hapo hauna adabu."

"Baba, kidole chako kina mbio kuliko miguu yako."

"Miguu yangu ilimaliza orodha, mama. Yako je?"

Orodha yenyewe ilining'inia juu ya jiko: milima yote mirefu ya Uskoti, kila mmoja umepigwa alama ya wino. Beinn Luath peke yake ulikuwa na alama ya penseli. Morven alidhani siku zote kwamba kalamu iliisha wino siku hiyo. Mlima huo waliupanda pamoja, baridi kali, Morven ana miaka kumi na mmoja. Alichokumbuka ni ukungu, rundo la mawe la kuonyesha kilele, na baba akisema, "Tumefika."

Kidole kikafika kwenye rundo la mawe, kikatulia. Morven akainama, akasoma namba za mwinuko, akazisoma tena. Mbele ya yale mawe, ng'ambo ya kibonde, palikuwa na ncha nyingine, imezidi kwa mita nne. Kwa watu wa milima, ukiishia ncha ya chini hujapanda. Baba yake, aliyepigiwa makofi na kijiji kizima, hakuwa amemaliza orodha, na sasa ana miaka themanini na mmoja na fimbo mkononi. Angeanzia wapi kumwambia? Akaikunja ramani.

"Mbona unakunja? Hatujashuka bado." Mzee akamtazama usoni. "Umeiona."

"Nimeona nini?"

"Usinizuge. Ile ncha nyingine. Niliijua tangu siku ile."

"Sasa mbona hukuenda? Zilibaki dakika ishirini, baba!"

"Midomo yako ilikuwa ya buluu. Halafu ukaacha kulalamika. Mtoto mwenye mdomo kama wako akinyamaza, unageuka." Akacheka kidogo. "Nikasema nitarudi mwakani. Lakini ulikuwa wa mwisho kwenye orodha; tuliposhuka wenzangu wakapiga makofi, nikaona haya kuwakatiza. Ila wino sikuthubutu."

Morven alijifuta macho kwa mkono wa sweta. Alimpenda mzee huyu hadi kifua kikamuuma.

"Jumamosi nakwenda kuifikia ncha ile kwa niaba yako, hata kwa magoti."

Mzee alivuta karatasi ya safari, ile anayoiacha nyumbani mpandaji ili akipotea watu wajue pa kumtafuta. Morven alikuwa ameijaza yote isipokuwa saa ya kugeuka kurudi, awe amefika kileleni au hajafika. Mzee akachukua kalamu, akaandika: saa sita mchana.

"Popote utakapokuwa, unageuka," alisema. "Hata zikibaki hatua kumi. Hiyo nimeiandika kwa wino."