Kozi ya Baridi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Warda alikuwa amekwisha kutandaza ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye nusu ya wavu. Mama yake, Kulthumu, alitandaza nusu iliyobaki. Nyavu nyingine mbili zilikuwa zimekunjwa ukutani, maana bei ya beseni la ndagala ilipanda tena wiki ile, na Kulthumu alinunua alichoweza, si alichotaka.

"Nenda uoge," Kulthumu alisema. "Usiende kuomba kazi na harufu ya samaki."

"Ni kiwanda cha barafu ya samaki, mama. Kila mutu pale ananuka."

"We nenda tu."

Akaenda. Hakuwa na hofu wala furaha. Alikuwa amesoma ufundi wa baridi miaka miwili kwenye chuo kidogo nyuma ya soko la Rumonge, na mwezi wa saba walimpa diplome yenye mhuri wa buluu. Tangu hapo alikuwa akigeuza ndagala juani. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kumwita kwa kazi aliyoisomea. Alivaa gauni lake la kijivu, akafunga kitambaa kichwani, akabeba madaftari yake manne, yote yamejaa mpaka jalada la nyuma.

Kiwanda kilikuwa jirani na pale mitumbwi inaposhusha samaki. Kilikuwa na mashine mbili, jenereta moja ya mazutu, dizeli ya kugombania, na mlango wa bati. Mashine moja ilikuwa imeacha kugandisha siku nne zilizopita. Wanawake wauza samaki wa mukeke walipanga foleni kwa ile iliyobaki, na waliokosa barafu waliuza samaki wao kabla ya saa sita, kwa bei yoyote, kabla macho ya samaki hayajaingia ndani.

Mwenye kiwanda aliitwa Mama Domitille. Alivaa buti za mpira, na hakuwa na muda. Mbele yake walisimama watu wawili tu: Warda, na kijana mmoja mrefu kutoka Uvira aliyejitaja kuwa Exaucé.

"Amahoro," Mama Domitille alisema. "Mashini njo ile. Inazunguka, haigandishi. Dada, anza weye."

Warda aliisogelea. Ilikuwa kubwa kuliko alivyofikiri, na ilikuwa inatetemeka. Aliangalia mabomba ya shaba yakipanda na kushuka. Alijua kwamba mahali fulani humo kulikuwa na kompresa, kwa sababu alikuwa ameandika neno hilo mara nyingi, lakini hakuna siku aliyoonyeshwa ni ipi. Kichwani mwake yalikuja maneno ya daftari la kwanza, ukurasa wa kwanza, akayasema kwa Kifaransa, kama walivyoandikishwa: baridi ni kukosekana kwa joto, na binadamu alianza kuitafuta tangu zamani za kale.

Mama Domitille hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka.

"Ni vizuri," alisema. "Sasa mashini?"

Warda aliyaangalia tena mabomba.

"Basi niambie. Kule shuleni mulikuwa munajifunza kufanya nini?"

Swali lilikuwa jepesi. Warda alipitia kichwani miaka yake miwili. Walisoma Baridi Sehemu ya Kwanza, kisha Baridi Sehemu ya Pili. Waliandika. Mtihani ulikuja na maswali, mengine wakayatambua, mengine hapana. Yeye alipata kumi na moja juu ya ishirini, na mpaka asubuhi ile hakujua zile tisa zilizokosekana zilikuwa za nini. Wala zile kumi na moja.

"Tulikuwa tunaandika, mama," alisema.

Exaucé alikwenda kwenye mashine akiwa amekunja mikono ya shati. Alishika bomba moja, akashika la pili, akaomba sabuni na maji. Aliyapaka mapovu kwenye viungo vya bomba, kimoja kimoja, mpaka kiungo kimoja nyuma kikaanza kutoa vipovu vidogo vidogo.

"Gesi inatokea hapa," alisema. "Nipeni moto nitachomelea."

Warda alibaki amesimama. Hakuna aliyemfukuza. Exaucé alipomaliza kuchomelea na kuongeza gesi, alinawa mikono, akatoa kwenye bahasha yake karatasi moja iliyotumika sana, akampa Mama Domitille. Mama Domitille akaisoma na kumrudishia.

"Kaka, naweza kuona?" Warda aliuliza.

Alimpa. Juu iliandikwa: *Mwisho wa kozi hii mwanafunzi ataweza.* Chini yake mistari kumi na minne. Ataweza kutafuta mahali gesi inapovuja. Ataweza kupima gesi na kuiongeza. Ataweza kuchomelea bomba la shaba. Pembeni ya kila mstari palikuwa na tarehe na sahihi.

"Hii walikupa siku ya mwisho?"

"Apana. Siku ya kwanza kabisa. Kila mutoto na yake. Hii ya saba, unaona?" Alionyesha mahali palipofutwa na kuandikwa upya. "Nilifeli mara tatu. Nililia. Lakini nilikuwa najua nafeli nini."

Alilisema bila majivuno, kama mtu anayeeleza njia. Mama Domitille alikuwa anamwita ndani kuzungumza habari ya kuanza kazi. Warda alirudisha karatasi, akashukuru, murakoze, akatoka. Nje, wauza mukeke walikuwa wameanza kusogea upande wa mashine iliyotengenezwa.

Hakurudi nyumbani. Alipita sokoni, jua likiwa kichwani, mpaka chuoni. Miguu ndiyo iliyompeleka. Yeye mwenyewe hakuwa na hasira ya kumpeleka popote.

Direkteri alikuwa ofisini, akipanga mafaili. Kesho yake inspekta alikuwa anakuja kutoka Bujumbura, na meza nzima ilikuwa imejaa karatasi na mihuri.

"Dada Warda! Umeshapata kazi?"

"Apana, direkteri. Nimekuja kuuliza. Ile kozi yetu, tulikuwa tunapaswa kujua kufanya nini mwishoni?"

Direkteri alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

"Unataka kusema shule haina programu?"

"Nauliza tu."

"Programu iko!" Alisimama, akafungua kabati kwa funguo, akatoa faili la jalada jekundu na kulipiga mezani. "Iko, imesainiwa, iko na mhuri. Nani anasema hakuna? Angalia mwenyewe."

Warda aliangalia. Pini za stapula zilikuwa ziking'aa. Karatasi hazijawahi kukunjwa. Ukurasa wa pili uliandikwa: *Malengo ya kozi.* Namba moja mpaka ishirini na mbili. Nyingi zilifanana na zile za kijana wa Uvira, na nyingine zilizidi. Alizisoma zote mara moja, haraka, akitafuta alizoweza kuzifanya. Alipata moja: kueleza historia ya baridi. Ilikuwa namba ya kwanza.

Alifungua daftari lake, akakosa nafasi, akaanza kunakili ndani ya jalada.

"Sasa unafanya nini?"

"Naandika, direkteri."

"Hiyo si ya wanafunzi. Hiyo ni ya inspeksheni."

"Namalizia tu."

"Sikiliza, dada. We umeshamaliza. Uko na diplome. Unalalamika nini?"

"Silalamiki. Nataka kujua nilisoma nini."

Simu ya direkteri ililia. Aliitazama, akavaa sauti ya heshima, na kwa mkono mwingine akalivuta faili kutoka chini ya kalamu ya Warda. Mstari ukabaki umechorwa kutoka neno la mwisho mpaka pembeni ya jalada. Alikuwa amefika namba nane.

Darasa la mwaka wa kwanza lilikuwa upande wa pili wa ua. Wanafunzi thelathini na nane walikuwa wanamngoja mwalimu Mardochée, ambaye asubuhi alifundisha shule nyingine kule Gatete na alikuja kwa baiskeli. Wengine walikuwa wamelaza vichwa kwenye madawati. Warda aliingia, akaokota kipande cha chaki, akaandika ubaoni mistari minane, mmoja chini ya mwingine, kwa herufi kubwa. Juu yake aliandika: *Mwisho wa kozi hii mutaweza.*

Msichana wa dawati la mbele, aliyeitwa Schékinah, aliinua kichwa.

"Dada, hiyo ni ya mtihani?"

"Sijui," Warda alisema. "Ni ya nyinyi."

Mwalimu Mardochée aliingia akiwa ameloa jasho, mguu mmoja wa suruali umekunjwa juu usinase kwenye mnyororo. Mkononi alishika lile daftari la kuwaandikisha ambalo kila mwanafunzi aliyepita pale alilijua, lililofungwa kwa mpira. Alimwona Warda, akaona ubao. Alisoma. Alisoma tena, pole pole, midomo ikicheza.

Warda alingoja aambiwe atoke.

"Umetoa wapi hii?"

"Kwenye kabati ya direkteri."

"Iko kule tangu lini?"

"Sijui, mwalimu. Karatasi bado ni mupya."

Mardochée aliliweka daftari juu ya meza.

"Mimi walinipa hii daftari ya mwenzangu aliyekwenda Kanada," alisema. Hakusema kwa Warda wala kwa darasa. "Walisema anza pale alipoanza. Nikaanza. Miaka sita." Akagusa ule mpira wa daftari. "Nilikuwa nauliza mwenyewe, hawa watoto nawapeleka fasi gani."

"Mwalimu," mtu aliita nyuma, "leo tunaandika sura ya ngapi?"

Schékinah alisogea, na Mardochée akaketi kwenye dawati la wanafunzi, magoti yakagonga ubao wa chini. Aliazima kalamu. Akaomba karatasi pia. Alinakili mistari minane kutoka ubaoni, kwa mwandiko mzuri, kama mtu anayeandika barua.

"Na inayofuata?"

"Sikuimaliza. Direkteri aliichukua."

"Zote zilikuwa ngapi?"

"Ishirini na mbili."

Mardochée aliinamia karatasi. Chini ya namba nane aliandika tisa, halafu kumi, halafu kumi na moja, moja chini ya nyingine, akiacha nafasi tupu pembeni ya kila moja, mpaka akafika ishirini na mbili. Kisha Warda akasikia nyuma yake kalamu zikianza, dawati moja, dawati la pili, wanafunzi wakiandika namba tupu kama alivyoandika mwalimu wao.