Nyumba Waliyoiona Wote

Jumapili kipindi kilipoonyeshwa kwenye televisheni, sebuleni kwa Dobi hapakuwa na pa kutia mguu. Majirani walikuja na watoto wao, wengine na viti vyao, na waliokosa nafasi walisimama dirishani kana kwamba ndani kuna harusi. Dobi aligawa chai mpaka vikombe vikaisha, akaenda kuazima kwa jirani, na jirani huyo akaishia kunywea kikombe chake mwenyewe kama mgeni.

Dobi alikuwa mjane wa makamo, mfuaji wa nguo wa hospitali. Jina la kazi lilikuwa limemganda, hata mama mkwe wake alimwita hivyo. Na huyo mama mkwe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Yeye na marehemu mumewe waliijenga chumba kwa chumba, kila walipojaliwa. Uzeeni presha ya macho ilimnyang'anya nuru, lakini ndani ya nyumba yake huwezi kumwambia kitu. Kutoka kitandani hadi chooni, kutoka chooni hadi jikoni, kiganja chake cha kushoto kilitambaa juu ya ukuta wa korido na hakikukosea. Kila ufa na kila kibonyeo alikijua kama mtu anavyojua meno yake kwa ulimi. Chai ya asubuhi aliiteleka yeye, na Dobi akirudi kazini alikuta maharage yamechambuliwa, hakuna hata chembe ya mchanga.

Aliyeleta habari ya televisheni ni binti wa Dobi, muuzaji wa simu kwenye duka la mjini. Kipindi chenyewe kiliitwa Nyumba Yazaliwa. Kila wiki mtangazaji na mafundi wake walichagua nyumba moja ya watu wa kawaida, wakaihamisha familia kwa muda, wakabomoa na kujenga, kisha wakairudisha familia ikiwa imefungwa vitambaa machoni ili ishangae mbele ya kamera. Binti alipiga picha za dari inayovuja na jiko lililojaa masizi, akazituma bila kumwambia mtu. Walipochaguliwa alilia kwa furaha, na Dobi naye akafurahi, maana dari ile ilikuwa imemzeesha.

Mtangazaji alikuwa mtu mwema, hilo Dobi hakuwahi kulikana. Aliambiwa kwamba Bibi haoni, akatikisa kichwa kwa huruma, akaagiza chooni pawekwe chuma cha kushikilia na kitandani pawekwe godoro jipya. Siku ya kurudi, msaidizi wake alipomkaribia Bibi na kitambaa, Bibi alicheka.

"Hicho mpe mwingine, mwanangu. Mimi nilishafungwa zamani."

Wote walicheka, hata mpiga kamera. Kisha vitambaa vikafunguliwa.

Korido haikuwepo. Ukuta wake wote ulikuwa umeondolewa, na sebule, jiko na njia ya vyumbani vimekuwa ukumbi mmoja mkubwa, mweupe, unaomeremeta. Binti alipiga kelele za furaha. Dobi akageuka kumtazama mama mkwe wake. Bibi alikuwa ameshapiga hatua mbili ndani, ameinua mkono wa kushoto, na mkono ule ulikuwa ukipapasa hewa. Ulikwenda mbele, ukarudi, ukashuka polepole ubavuni. Dobi alianza kulia, na mtangazaji akamshika bega, akawaambia watazamaji kwamba machozi ya furaha ndiyo malipo yao makubwa.

Hayo ndiyo majirani waliyokuwa wakiyaona Jumapili ile. Walishangilia jiko, wakashangilia taa, wakaucheka utani wa Bibi wa kitambaa. Kamera haikuuonyesha mkono wa Bibi hata mara moja. Ilikuwa imeng'ang'ania uso wa Dobi.

Mwishoni, kama ilivyokuwa kawaida ya kipindi, maandishi makubwa yalipita chini ya skrini: bajeti ya ukarabati, milioni arobaini na mbili.

Vikombe vikawekwa chini. Wa kwanza kusema alikuwa mwenye duka la kona, waliyemwita Chenji kwa sababu siku zote alidai hana.

"Arobaini na mbili," alisema taratibu. "Kwa pesa hizo mimi ningejenga ghorofa, na chini nikapangisha."

"Si pesa taslimu," Dobi akaeleza. "Rangi ilitolewa na wenye rangi, makochi na wenye makochi. Mimi sijashika hata senti."

"Sawa, jirani," Chenji akajibu, kwa sauti ya mtu anayekubali asichokiamini.

Watu walianza kuaga. Walioingia wakicheka walitoka wakiangalia dari, sakafu, taa, kila mmoja na hesabu yake kichwani. Binti alibaki na simu mkononi, akisoma maoni ya watazamaji. Alianza kwa kusoma kwa sauti, sauti ikawa inapungua.

"Soma tu," Dobi alimwambia.

"Wengi wanaipenda nyumba, mama."

"Na wengine?"

Binti akasita. "Wanasema mama huyu mbona amenuna. Wanasema shukrani ya punda ni mateke. Mmoja anasema wangempa yeye, angeruka mpaka darini."

"Angeruka," Bibi akasema kutoka kwenye kochi lake la pembeni, "nyumba si inaruhusu sasa. Hakuna pa kujigonga."

Hawakujua kama wacheke.

Kesho yake shemeji akapiga simu. Alikuwa mtoto wa mwisho wa Bibi, dereva wa malori, mtu wa kuonekana kwa msimu. Hakuuliza hali.

"Shemeji, milioni arobaini na mbili zimepita hapo nyumbani, mimi nazisikia kwa watu baki?"

Dobi akaeleza tena habari ya rangi na makochi.

"Ile ni nyumba ya baba yetu," shemeji akasema. "Wewe umeolewa pale. Ulipaswa kuniambia kabla hujaweka sahihi." Akakata.

Kazini nako, chumba cha kufulia kilikuwa na maneno. Mwanzo ulikuwa utani: milionea, tukunjie shuka hizi, usije ukachubuka vidole. Kisha mwenzake mmoja akamwomba mkopo wa kumtibu mtoto, na Dobi alipomwambia hana, yule mama hakukasirika. Alimtazama tu, akarudi kwenye pasi yake, na tangu hapo hawakula pamoja. Dobi alitamani angetukanwa. Tusi hujibiwa, lakini macho ya namna ile utayajibu nini?

Katika hekaheka hizo hakuona kilichokuwa kikitendeka nyumbani kwake.

Bibi alikuwa ameacha kuteleka chai. Alisema jiko jipya linamtisha, vitufe vingi, na Dobi akaona ni jambo la kuzoea. Maharage yalibaki kwenye mfuko. Kila alipotoka kazini alimkuta Bibi kwenye kochi lilelile, mikono mapajani, kama abiria asiyejua gari lake litafika lini. Akimuuliza, alijibu kwamba anapumzika, kwamba uzee umefika mlangoni na ameukaribisha. Sauti yake ilikuwa ileile ya utani, na utani huo ndio uliomhadaa Dobi.

Mpaka asubuhi moja Bibi akashindwa kuinuka. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka, maneno yake hayashikani. Dobi na binti walimpeleka hospitali kwa teksi. Muuguzi, aliyemfahamu Dobi kwa miaka, alimpima Bibi, akamning'inizia dripu, kisha akamvuta Dobi pembeni.

"Dada yangu, huyu mama hanywi maji. Kwa siku nyingi, naona. Mkojo wenyewe umeshaingia maambukizi. Kuna mtu anayebaki naye mchana?"

"Hapana. Lakini maji yapo. Namwachia jagi mezani kila siku."

"Basi mwulize yeye."

Dobi alikaa kando ya kitanda mpaka Bibi alipopata nguvu. Shuka aliyofunikwa ilikuwa imepita mikononi mwake mwenyewe wiki ile.

"Mama, kwa nini hunywi maji?"

Bibi aligeuza uso upande wa dirisha, kama wanavyofanya wenye macho.

"Nikinywa, nitataka kwenda," akasema hatimaye.

"Kwenda wapi?"

"Chooni, mwanangu. Siku ya kwanza nilijaribu. Nikaenda, nikaenda, sikugusa kitu. Nikajikuta sijui niko wapi, ndani ya nyumba yangu. Nikakaa chini sakafuni mpaka nikasikia gari la taka linapita, nikajua barabara iko upande ule, nikatambaa. Nikasema, basi. Heri nisinywe. Mtu mzima hatambai mara mbili."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Watu wametumia mamilioni. Mjukuu wangu alifurahi vile. Wewe ulikuwa unasemwa mji mzima kwamba huna shukrani. Niongeze na yangu?"

Dobi aliushika mkono ule wa kushoto. Hakulia. Alikuwa ameshalia mbele ya kamera, na machozi yale walishayapa jina lao.

Jioni ile alimwambia binti yake kwamba ukuta utarudi.

Binti alikuwa anaosha vyombo. Aliacha bomba likimwagika.

"Mama, ndicho kitu kizuri kuliko vyote. Huo uwazi ndio kila mtu anausifia. Watu watasema nini?"

"Watu wameshasema."

"Mimi ndiye niliyeomba," binti akasema, na uso wake ukaanza kuvunjika. "Nilifikiri nawasaidia. Sasa mnabomoa, ina maana nilimuumiza Bibi."

"Hakuna aliyemuumiza kwa kutaka. Wote tuliangalia, mimi, wewe, yule bwana, na watu wote waliokaa hapa kunywa chai. Funga maji hayo."

Binti hakufunga. Aliingia chumbani kwake, na kwa siku kadhaa walipita ukumbini mle bila kusalimiana vizuri.

Fundi mwashi wa mtaani alikuja na matofali kwenye mkokoteni. Dobi alikuwa ameuza kochi moja jipya kulipia, akasema lililobaki linatosha makalio yaliyopo. Majirani walisimama milangoni. Chenji alitoka dukani na kalamu sikioni.

"Pesa zinamwasha," alisema, bila hata kushusha sauti. "Anaanza kujenga tena."

Siku ya pili ya ujenzi ndipo shemeji alipotokea. Alikuwa amesikia kwamba nyumba inabadilishwa, akaja amejiandaa kwa ugomvi. Alimkuta fundi kwenye mstari wa tatu wa matofali na mama yake kwenye kochi, ametoka hospitali, amekonda.

"Mama, ninyi mnafanya nini humu? Hizi pesa zinatoka wapi?"

Bibi hakulijibu hilo. "Umekuja wakati mzuri," akasema. "Nipeleke chooni."

"Namwita shemeji."

"Sijasema shemeji yako. Nimesema wewe."

Shemeji alimwinua. Dobi, aliyekuwa akichota maji ya saruji nje, aliwaona kupitia mlangoni: lile jitu la malori likitembea hatua za mtoto, na mama yake amening'inia mkononi mwake, mkono wa pili ukitafuta hewani. Walisimama katikati ya ukumbi. Bibi alisema kitu kwa sauti ndogo, na shemeji akainamisha kichwa. Safari ile fupi iliwachukua muda mrefu.

Aliporudi alisimama karibu na matofali, akayatazama. Dobi alingoja aseme. Shemeji alimwuliza fundi kama saruji inatosha, fundi akasema inatosha, naye akaaga na kuondoka. Hakuomba radhi, wala hakuwahi kuiomba. Lakini habari ya milioni arobaini na mbili hakuigusa tena, na tangu mwezi ule alianza kuja mara kwa mara, anakaa na mama yake, anamweleza barabara alizopita.

Ukuta ulipofika usawa wa bega, fundi alikuwa anakusanya vifaa vyake apige lipu kesho. Binti alitoka chumbani, akausogelea, akapitisha kiganja chake juu ya tofali.

"Usipige lipu laini sana," akamwambia fundi. "Bibi anahitaji kuhisi."

Akabaki pale. Kisha akamfuata Bibi, akamshika, akamwekea mkono wake wa kushoto ukutani na kumwachia. Dobi alikuwa jikoni. Aliamua kutogeuka. Alisikia kiganja kikikwaruza, kikisimama, kikiendelea, na nyayo za binti zikifuata nyuma.

"Fundi wenu amekosea," Bibi akasema alipofika mlango wa jiko, akihema. "Ukuta umesogea."

"Kidogo, mama," Dobi akajibu. "Aliufuata msingi, lakini tofali za siku hizi ni nyembamba."

"Hmm. Nitauzoea. Nao pia unizoee."

Hakurudi kuwa yule wa zamani. Ugonjwa ulikuwa umemwachia udhaifu wa miguu, na njia ambayo zamani aliipita huku akiimba sasa aliipumzikia katikati. Lakini aliipita mwenyewe.

Baada ya muda msichana mmoja wa televisheni akapiga simu. Kipindi kilitaka kurudi kuonyesha familia inavyoishi sasa, kwa kuwa watazamaji wengi bado wanamwulizia Bibi yule mcheshi.

"Mnakaribishwa," Dobi alimwambia. "Ila mtakuta ukuta tumeurudisha."

Msichana akashangaa. "Ukuta upi, mama?"

Dobi alimweleza yote, tangu mkono ulioinuliwa hadi jagi la maji, bila kulaumu, kama anavyomweleza mtu njia ya kufika kwake. Msichana alisikiliza mpaka mwisho. Akasema pole, na sauti yake ilionyesha kwamba anamaanisha. Akasema atazungumza na wakubwa wake.

Hawakupiga tena. Siku ile, mazungumzo yalipokwisha, Dobi aliweka simu mezani, akakunja kanga za Bibi zilizokauka, akazipeleka chumbani kwa kupitia korido.