Sauti ya Namba Nane

Dada yangu alifariki Ijumaa, lakini alianza kukosekana Jumatano, saa kumi na moja na nusu jioni, kwenye mstari wa kuhesabiana. Nilikuwepo. Nafasi yake mstarini ilikuwa kushoto kwangu, nayo ilikuwa tupu.

Kuhesabiana kulianza kwa sababu ya Bibi. Bibi ni beki wetu wa kushoto, ana miaka kumi na tano, na tunamwita hivyo kwa kuwa hafanyi jambo lolote kwa haraka, hata kukimbia. Mwaka uliopita alisinzia stoo juu ya magunia ya jezi. Sisi tukaondoka, kocha akafunga stoo, akafunga na geti la uwanja, akaenda zake. Baba yake alipokuja kumtafuta alimkuta ametulia kabisa, amemaliza machungwa yote ya timu. Tulicheka wiki nzima. Kocha hakucheka. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kutoka kabla ya sote kujipanga na kutaja namba zetu kwa sauti, kuanzia moja hadi kumi na sita.

Kocha wetu ni fundi friji, na sisi humwita Fundi tu. Wakati tunahesabu, yeye huwa anakunja nyavu au anahangaika na kufuli la stoo ambalo haliingii vizuri, kwa hiyo alikuwa anatupa mgongo na kutusikiliza. Namba zikifika kumi na sita, alisema, "Zimetimia," na sisi tukatawanyika.

Dada alikuwa namba nane, mimi tisa. Yeye waliomzoea walimwita Injini, kwa sababu ya mapafu yake. Mimi waliniita Mkia, kwa sababu nilimfuata kila mahali. Tumepishana mwaka mmoja na miezi miwili.

Jumatano ile alitapika nyuma ya stoo. Nilimfuata nikamkuta ameinama, mkono mmoja ukutani. Zilikuwa zimebaki siku kumi kabla ya mashindano ya wasichana, na Fundi alikuwa ameshasema kwamba mgonjwa hatapandishwa gari, abaki nyumbani apone. Dada akaniambia nimsemee namba yake, yeye angetokea kwenye tundu la ukuta wa uwanja, pale tunapopitia kufuata mipira inayotoka nje, na ningemkuta huko.

"Na usiseme kwa hicho kisauti chako cha kifaranga," akasema. "Fundi atajua."

Nikarudi mstarini. Bibi akasema saba. Nikasema nane kwa sauti nzito, kisha tisa kwa sauti yangu. Bibi akaguna kwa kicheko. Halikuwa jambo geni. Tulisemeana namba mara nyingi, mtu akiwa msalani au anabishana na kamba za viatu. Wa mwisho akasema kumi na sita.

"Zimetimia," akasema Fundi.

Nilizunguka hadi kwenye tundu nikangoja. Nilipoona hatokei nilidhani amenipita, maana ndivyo alivyokuwa, hapendi kungoja wala kungojwa. Nikaenda nyumbani. Mama ni dobi, anafulia na kupiga pasi katika chumba cha mbele, na sisi tunaishi katika vyumba viwili vya nyuma. Aliniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikasema yuko nyuma yangu, anakuja. Nikanawa miguu, nikala, nikaanza kuandika kazi ya shule. Mama alimaliza rundo la mashuka, akauliza tena. Nikasema tena anakuja. Giza lilipoanza kuingia alichomoa pasi ukutani, jambo asilolifanya kazi ikiwa haijaisha, akasema, "Twende."

Geti lilikuwa limefungwa, tukapitia kwenye tundu, tukamkuta palepale nyuma ya stoo, amekaa, magoti kifuani.

Ilikuwa kidole tumbo, na kilikuwa kimeshapasuka. Daktari alimwambia mama kwamba angefikishwa saa mbili tatu mapema, wangekuwa na nafasi nzuri zaidi. Alilisema jambo hilo polepole, kwa heshima, kama mtu anayerudisha chenji. Mama alitikisa kichwa. Hakuniuliza kwa nini nilisema anakuja. Sijui kama alidhani nilikosea tu au kama swali lenyewe halikumjia. Nami sikusema kitu. Nilikaa nalo Alhamisi, nikakaa nalo Ijumaa, na siku ya maziko watu walinishika mabega wakasema nimepoteza nusu yangu, nami nikaitikia asante.

Fundi alikuja mazikoni na shati lililochomekewa. Alikaa mwisho wa benchi, akaondoka bila kuaga.

Sikutaka kwenda kwenye mashindano. Mama ndiye aliyefua jezi zote, kama kawaida, na asubuhi ya safari nilikuta kifurushi mezani. Alikuwa amezipiga pasi na kuzipanga kwa namba. Nane ilikuwa katikati ya saba na tisa. Akasema nisizikunje hovyo, na niwaambie wenzangu waache kujifutia pua kwenye mikono ya jezi kwa sababu anajua. Basi nikaenda.

Siku hizi tukikutana, wenzangu hupenda kuyasimulia mashindano yale. Komeo, kipa wetu, anaikumbuka penalti aliyoidaka. Kila akisimulia, mpigaji anazidi kurefuka. Mara ya mwisho alikuwa amefikia urefu wa mlango. Bibi anakumbuka mayai ya kuchemsha, matatu kwa kila mtu, na jinsi timu moja ilivyokuja na mganga wao wa misuli mwenye sanduku lake, wakati sisi tulikuwa na ndoo ya maji na taulo. Mwingine anamkumbuka mwamuzi mwanamke aliyekimbia kuliko wachezaji. Wanabishana bao letu la kwanza liliingia kwa mguu wa nani. Wananiuliza mimi, kwa sababu nilikuwa karibu, na mimi huwa nasema sikumbuki. Wanadhani najishusha, kwa kuwa wanahisi mguu ulikuwa wangu.

Kweli sikumbuki. Nakumbuka chokaa ya mistari ilivyoganda kwenye viatu. Nakumbuka kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma kabla ya kusema. Na nakumbuka kuhesabiana.

Kabla ya mechi ya kwanza tulijipanga kando ya uwanja. Fundi alikuwa ameinama anajaza upepo mpira, ametupa mgongo kama siku zote. Moja, mbili, tatu. Bibi akasema saba, na kukawa kimya. Nikaona vichwa vinanigeukia. Komeo, aliyekuwa namba moja, alitoka mwanzo wa mstari akaja hadi nilipo.

"Mkia, sema nane," akaninong'oneza. "Tumekubaliana njiani. Wewe ndiye wa kumsemea."

Walikuwa wamenipangia zawadi. Niliziona nyuso zao, zilikuwa nzuri, zinangoja. Bibi peke yake alikuwa anatazama viatu vyake. Nilifungua mdomo, na sauti iliyokuwa inakuja niliifahamu, ile nzito, nikaufunga.

Fundi hakugeuka. Pampu ilikuwa imesimama mikononi mwake.

"Endelea," akasema. "Tisa."

Nikasema tisa. Hatukumweka mtu kwenye nafasi ya dada. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa kwenye orodha na Fundi hakuomba libadilishwe. Tulikuwa kumi na tano. Tulishinda mechi ya kwanza, tukatoka sare ya pili, tukashinda ya tatu. Kesho yake tulitolewa nusu fainali kwa bao moja, kisha Komeo akadaka penalti yake na tukawa wa tatu. Kabla ya kila mechi tulihesabu, na kila tulipofika baada ya saba walingoja kidogo, kisha nikasema tisa. Walidhani nina huzuni. Komeo alinipa yai lake moja.

Baada ya kupewa medali, Fundi alikwenda kwenye bomba kusuuza koni za mazoezi. Anasuuza moja moja, ndani na nje, kama vyombo vya mtu mwingine. Nilimfuata. Nilikuwa nimejiambia kwamba tukihesabiana kwa mara nyingine kabla ya kupanda gari, na wakaningoja tena, sitaweza.

"Fundi," nikasema, "Jumatano ile, nane nilisema mimi."

Aliendelea kusuuza.

"Najua," akasema.

Nikadhani hakunielewa. Nikamwambia kwamba dada alikuwa nyuma ya stoo, kwamba alikuwa anaumwa, kwamba aliniomba. Akafunga bomba.

"Sauti zenu nazijua zote. Wewe huwezi kuigiza hata paka. Nilijua ni wewe, nikadhani mwenzako anafunga kamba." Aliziweka koni moja juu ya nyingine. "Kulikuwa na friji ya bucha inaningoja. Mwenye bucha alikuwa amenipigia mara tatu, nyama inaharibika. Ningegeuka tu."

Nikasubiri aseme jambo la kunifariji, au la kunikaripia.  Badala yake alisema amefika mlangoni kwetu mara mbili tangu maziko, na mara zote mbili aliisikia pasi ya mama ikitoa mvuke ndani, akarudi. Akaniuliza kama nimemwambia mama. Nikasema bado.

"Basi twende wote," akasema. "Jumatatu, nikifunga kazi."

Tulipopanda gari hatukuhesabiana. Alisimama mlangoni akamshika kila mmoja begani wakati anaingia. 

Jumatatu alikuja na nguo zake za kazi, ana alama ya grisi shavuni. Mama alikuwa anapiga pasi mashati meupe ya watu wa ofisini. Alimkaribisha kiti, Fundi akabaki amesimama, nami nikasimama karibu naye. Nilianza mimi. Nilisema yote kwa mpangilio, kama yalivyotokea, kutapika, tundu la ukutani, nane. Nilisema kwamba alipouliza mwenzangu yuko wapi, mimi sikuwa najua yuko wapi. Kisha Fundi akasema ya kwake, na ya friji hakuiruka.

Mama hakuacha kupiga pasi. Alimaliza mgongo wa shati, akaligeuza, akamaliza mkono mmoja. Niliangalia ncha ya pasi inavyozunguka vifungo bila kuvigusa. Nilikuwa nangoja anifukuze, na nilikuwa nimeshafikiria nitachukua nini: daftari, viatu, sweta. Nilifikiria hivyo bila hofu, kama ninayepanga begi la shule.

"Alipokuomba," akasema mama, "alisemaje? Kama alivyosema yeye."

Nikamwambia. Nisiseme kwa kisauti changu cha kifaranga, Fundi atajua.

Mdomo wa mama ulisogea upande mmoja. Niliujua msogeo ule, ndio aliokuwa akiufanya kila dada alipomtania mbele ya wateja. Haukukaa. Akanyunyiza maji kwenye kola.

"Na bucha," akamuuliza Fundi, "walipata friji yao?"

"Walipata," akasema Fundi.

"Nyama ikapona."

"Ilipona, mama."

Mama akatikisa kichwa kama alivyomtikisia daktari. Alipiga pasi kola nje, akaipiga ndani, akalitundika shati, akachukua lingine.  Nje mtu alipita akivuta mkokoteni wenye gurudumu bovu, tukamsikiliza hadi akapotea.

"Masikio yako hayana kasoro, Fundi," akasema mwishowe. "Ulisikia vizuri. Sasa uwe unaangalia."

Akaniambia nikaongeze maji kwenye dumu. Nilipolirudisha, Fundi alikuwa ameshaondoka, na kiti kilikuwa kimerudishwa mahali pake. Mama alinielekeza kwenye kikapu cha soksi za watu, nikae nizipange jozi jozi. Tulifanya kazi hadi kikapu kikaisha. Hakuniambia amenisamehe. Wala hakusema hajanisamehe. Nilipolala niligundua kwamba sikuwa nimevua medali shingoni tangu Jumapili, na kwamba mama hakuwa ameiulizia.

Hayo yalikuwa miezi saba iliyopita. Mama bado anafua jezi kumi na sita kila wiki, na mimi nazibeba kwenda uwanjani zikiwa zimepangwa kwa namba, na nazirudisha. Nane inarudi ikiwa safi, naye anaifua tena. Mimi bado ni tisa. Bado wananiita Mkia.

Mazoezini hatutaji tena namba. Tukimaliza tunajipanga, Fundi anaacha nyavu chini, anapita mbele yetu kutoka kwa Komeo hadi mwisho wa mstari, anamtazama kila mmoja usoni. Inachukua muda, na wanaokaa mbali wananung'unika. Akifika mwisho anazunguka nyuma ya stoo, anatazama huko pia, kisha anafunga geti.