Mto wa 0.49

Kila Alhamisi asubuhi, Mwalimu Syombua alishuka mtoni chini ya shamba lake huko Kathiani, akachomeka nondo mchangani mpaka igonge mwamba. Alikuwa amestaafu baada ya kufundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, na hakupenda maneno mavivu. Sheria ilikataza kuchota mchanga wa mto. Wenye malori ya kubeba mchanga walisema mto umekwisha zamani, majirani walisema upo. Syombua alisema wanabishana bure, kwa kuwa kitu chaweza kuwa mto kwa kiasi. Mchanga wa mita tatu, unaotunza maji mwaka mzima, aliupa 1. Mwamba mtupu aliupa 0. Katikati alichora mstari, akaubandika mchoro huo kwenye ubao wa matangazo wa kanisa.

Alhamisi ya kwanza alipata 0.62. Siku hiyo wanawake walichimba visima vyao mchangani, wakamwaga kata ya kwanza ya maji chini kama mama zao walivyowafunza, wakajaza mitungi mia moja. Walipofika nyumbani, sitini na miwili ilikuwa na maji. Iliyobaki ilikuwa mikavu. Jirani yake Mwendwa alipata mkavu, akasema kesho atatangulia. Syombua alitembea kifua mbele siku nzima. Wanafunzi walimbishia miaka yote hiyo, lakini mto ulielewa somo mara moja.

Malori yaliendelea. 0.58, kisha 0.53. Mitungi ilifuata bila kukosea hata mmoja, na watu wakawatambia wenzao wa soko la Tala kwamba wao wana mto unaojua desimali.

Syombua aliiandikia ofisi inayohusika iyafukuze malori. Aliyetumwa ni Onesmus, mwanafunzi wake wa zamani. Alhamisi hiyo nondo ilionyesha 0.49. Onesmus aliihesabu mitungi mwenyewe, akapata arobaini na tisa yenye maji. Aliusifu mchoro, akaupiga picha, kisha akatoa fomu. Iliuliza: Je, hapa pana mto? Ndiyo. La.

“Mwalimu, hesabu yako iko sawa kabisa,” alisema. “Lakini fomu iko na viboksi viwili tu.”

“Sasa 0.49 utaiweka wapi?”

“Chini ya nusu ni sifuri. Si ni wewe ulitufundisha, darasa la sita?”

Syombua alitafuta kosa, hakuliona. Moyo ulimuuma, na bado alijivunia kwamba Onesmus hakusahau.

“Umepata,” alimwambia.

Onesmus akatia alama kwenye La.

Kesho yake malori yalikuja saba badala ya manne. Syombua alichomeka nondo bila kungoja Alhamisi, akajaza mtungi wake, akaweka mkanda wa kuubebea kwenye paji la uso, akaanza kupanda. Katikati ya mlima mtungi ukawa mwepesi. Mtungi uliojaa humwinamisha mtu. Yeye alifika juu akiwa amenyooka wima, mbele ya majirani wote, akaenda moja kwa moja kwenye ubao wa kanisa na kuandika 0.47.