Sura Nne za Shangazi

Mwaka mzima Kifutio alikuwa akimtengeneza shangazi yake. Alimchora kwa penseli, akamfinyanga kwa udongo, akampinda kwa waya, na mwisho akamchonga kwenye ubao na kumpiga chapa. Sura tatu za kwanza shangazi mtu alizikataa waziwazi, tena mbele ya wateja wake wa saluni. Ya nne Kifutio hakuthubutu hata kumwonyesha.

Leo zote zilikuwa mezani, na shangazi alikuwa kiti cha mbele, mkoba mapajani, amesuka nywele mpya utadhani ni yeye anayefanya mtihani.

Ilikuwa siku ya wazazi katika darasa la sanaa. Kila mwanafunzi alitakiwa asimame kando ya meza yake, aeleze kazi zake za mwaka zilikwendaje, kisha mwalimu amgeukie mzazi au mlezi na kumuuliza: huyu aendelee na sanaa mwaka ujao, au tumpeleke masomo ya biashara? Neno la mzazi ndilo la mwisho. Shangazi alikuwa ameshatoa lake tangu asubuhi, mswaki ukiwa bado mdomoni.

"Nikikuta umenifanya kituko mbele za watu, unakwenda biashara. Angalau huko utajua kupiga hesabu za saluni."

Na shangazi hakuwa mtu wa kutishia nyau. Alikuwa msusi, mwenye saluni ya viti viwili na kioo kilichojaa ukuta mzima, na ndiye aliyemlea Kifutio tangu hajaota meno. Shavu lake la kushoto lilikuwa na kidoa cheusi, unyusi wake mmoja ulipanda juu kuliko mwenzake, na ulimi wake haukuwa na breki. Kupigwa picha hakupendi. Kila akipigwa humrudia mpiga picha na kumgombeza kwamba amepiga mtu mwingine.

Mwalimu wao walimwita Gundi, kwa kuwa vidole vyake havikuwahi kutakata. Alisimama katikati ya chumba, kati ya sinki lililoziba na rafu ya makopo ya rangi, akatoa sharti lake.

"Sitaki kusikia 'safari yangu ya sanaa'. Sitaki ndoto, sitaki kipaji. Niambieni mkono ulifanya nini na kikatokea kitu gani. Atakayesema amejifunza kujiamini, anakaa chini."

Wa kwanza alikuwa kijana waliyemwita Profesa. Akaliinua bakuli lake la udongo kwa mikono miwili kama anayetaka kulibariki. "Bakuli hili linawakilisha utupu ulio ndani ya binadamu."

"Linavuja?" aliuliza Gundi.

"Kidogo."

"Basi sema linavuja."

"Linavuja," alisema Profesa, akakaa. Baba yake akajikuna kisogo, na alipoulizwa, akasema aendelee tu, maana nyumbani angewasumbua zaidi.

Ikafika zamu ya Kifutio. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu alikuwa akifuta kuliko anavyochora. Akaanza na ile ya penseli.

"Hapa nilitaka pua," alisema. "Nikaifuta. Nikaichora tena, nikaifuta tena. Mwisho karatasi ikachoka, ikatoboka. Nikabandika kiraka kwa nyuma. Kwa hiyo pua ya shangazi ina kiraka."

Darasa likacheka. Shangazi hakucheka. Alikuwa anaigusa pua yake kwa ncha ya kidole.

"Endelea," alisema Gundi.

"Hiki ni kichwa cha udongo. Udongo ukiwa bado mbichi unatakiwa kufunikwa kwa kitambaa chenye maji, ukauke polepole. Mimi nilikwenda likizo nikausahau dirishani. Sikio likadondoka. Shingo ikadidimia. Ndiyo maana anaonekana kama mtu aliyeletewa habari mbaya."

"Habari mbaya ninazo hapa," alisema shangazi kwa sauti, na safari hii hata wazazi walivunjika mbavu.

Kifutio hakuona cha kuchekesha. Aliona biashara. Alijiona amekaa dawati la nyuma akipigia mistari faida na hasara mpaka azeeke. Sanaa hakuwa hodari nayo, hilo alilijua, lakini chumba hiki ndicho pekee katika shule nzima ambacho hakuwahi kutamani kengele ilie. Hakuwa amemwambia mtu yeyote hivyo. Angeanzia wapi, na kichwa chenyewe hakina sikio?

Akaipita kazi ya waya haraka haraka. Alieleza kwamba alianza na waya mnene, ukamshinda, akamalizia na mwembamba, na matokeo yake shangazi ana taya la chuma na paji la uso linalotikisika feni ikiwashwa. Nyumbani walikuwa wameigeuza kazi hiyo kuwa ya kutundikia mitandio.

Ikabaki chapa.

Mambo ya chapa kila mmoja darasani aliyajua. Unachora kwenye karatasi, unaigeuza karatasi, unaikandamiza ubaoni ili mchoro ukae kinyume, ndipo unachonga. Kisha unapaka wino, unalaza karatasi safi, unasugua kwa mgongo wa kijiko. Ukifuata hivyo, kilichokuwa kushoto kinarudi kushoto. Usipogeuza, kila kitu kinahama upande. Gundi alikuwa amelirudia jambo hilo mpaka hata mfagizi wa shule alikuwa akilijua.

Kifutio hakugeuza. Alikuwa amemchora shangazi moja kwa moja ubaoni, Jumamosi moja saluni ilipokosa wateja. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, amevua viatu, mikono imelegea mapajani. Hakuwa anajua kwamba anachorwa, kwa hiyo hakuwa amekaza uso. Kifutio alichora kama anayeiba, kisha akachonga usiku huo huo bila kufuta hata mstari mmoja, maana ubao haufutiki. Alipoibandua karatasi darasani wiki iliyofuata, kidoa kilikuwa kimehamia shavu la kulia, na unyusi wa kushoto umeshuka, wa kulia umepanda. Wenzake walimcheka siku tatu.

Sasa aliigeuza karatasi iliyokuwa imelazwa kifudifudi, akaisimamisha ukutani. "Hii ni chapa," alisema.

"Kidoa kimehama nyumba!" mtu alisema nyuma, na kicheko kikaanza upya.

Shangazi alisimama. Kicheko kikakatika chenyewe. Aliuacha mkoba kwenye kiti, jambo ambalo Kifutio hakuwahi kuliona maishani mwake, akasogea mpaka pua yake ikakaribia karatasi. Akainua mkono wa kushoto, akagusa kidoa chake shavuni. Kisha mkono uleule akaunyoosha mbele, ukafika moja kwa moja kwenye kidoa cha karatasi.

"Huyu ndiye mimi," alisema.

Mwalimu Gundi akakohoa. "Mama, kwa kweli hapo kidoa…"

"Kidoa kiko mahali pake. Hizo nyingine zote, na picha zote nilizowahi kupigwa, ni za mwanamke fulani anayefanana na mimi. Huwa sijui ana kasoro gani, ila najua si mimi. Huyu ninamjua. Ninaonana naye kila asubuhi kabla sijafungua mlango, nyie mkiwa bado mmelala. Nilidhani anachoka mbele yangu mimi tu. Sikujua kama kuna mtu mwingine amemwona."

Hapo Kifutio akaelewa. Mtu huyu alishinda mbele ya kioo mwaka mzima, miaka nenda rudi, akijitazama juu ya vichwa vya watu. Uso wake aliujua vile kioo kinavyomrudishia, kidoa upande ule ule wa mkono wake. Uso unaoonwa na watu wengine hakuwahi kukutana nao ila kwenye picha, na picha aliziona zinasema uongo.

"Shangazi," alisema polepole, "unajiona wapi?"

"Kwenye kioo. Mtu hujiona wapi kwingine?"

Mwalimu Gundi alikuwa naye ameelewa. Alipiga kofi moja lenye rangi ya samawati na kuwageukia wazazi. "Jamani, mmeona? Mwanafunzi amemchora mtu jinsi mtu huyo anavyojiona mwenyewe! Hilo hata mimi sijawahi kulifikiria. Haya, mwambie mlezi wako ulilikusudia vipi."

Profesa, aliyekaa meza ya jirani, alimkanyaga mguu. "Sema ulipanga," alinong'ona. "Sema tu."

Kifutio alimtazama shangazi. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakuwa anayaficha. Ingetosha neno moja tu, na biashara ingebaki kwa wenye biashara. Shangazi angelikumbuka neno hilo mpaka kaburini, angewasimulia wateja, angelitundika saluni pamoja na karatasi yenyewe. Kifutio alilifungulia neno hilo mdomo kabisa.

"Sikukusudia," alisema. "Nilisahau kugeuza."

Gundi akaangalia viatu vyake.

Shangazi aliitazama pua yenye kiraka, akakitazama kichwa kisicho na sikio, akalitazama taya la chuma. Mwisho alirudi kwenye chapa.

"Na huku kuchoka? Kuchoka nako ulisahau?"

"Hapana. Kuchoka nilikuona."

Shangazi alifuta macho kwa kiganja, akachukua mkoba wake, akamgeukia mwalimu kabla hajaulizwa.

"Huyu aendelee. Na hilo la kugeuza, Mwalimu, usimharakishe kulijua."