Umi Hataki Gesi

Bashiru aliivusha kompyuta mto Ruvuma ndani ya mtumbwi, imeviringishwa blanketi, na tangu siku ile familia yake ikaacha kulia mezani. Ilikuwa ya mitumba kutoka Mtwara, kioo chake kimefura nyuma kama kichwa cha chewa, na mtaa wao wote pale Palma, upande wa Msumbiji, haukuwa na nyingine. Mkewe Chamima alipouliza chakula kitaliwa wapi, akaonyeshwa mkeka.

"Hii si pambo," Bashiru alimwambia binti yao Umi, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja. "Hii itakufanya engenheira, injinia kamili. Gesi iko hapo baharini inakungoja."

Umi hakuwa ameomba kungojwa na gesi. Lakini miaka ile, kabla vita havijaufikia mji, Palma nzima ilizungumza gesi, na kila mzazi mwenye mtoto shule alishamgawia kazi.

Tatizo ni kwamba ndani ya kompyuta hamkuwa na uinjinia. Mlikuwa na mchezo wa karata, ambao baba aliupiga marufuku, na programu ya kuandikia barua. Basi Umi akaandika habari. Aliandika habari za mtaa kwa Kireno, kama za redioni, kisha akazisoma kwa sauti, akivuta pumzi penye nukta. Umeme ukikatika, alimalizia kwa kichwa.

Kilichomchosha ni wageni. Kila aliyekuja kunywa kahawa aliongozwa mpaka mezani.

"Umi, muoneshe mgeni."

"Nimuoneshe nini, Baba?"

"Kazi yako."

Mgeni aliona mistari ya maneno, na Bashiru, ambaye Kireno hakukijua, alimweleza kuwa ile ni hesabu ya mabomba. Umi aliendelea kuandika. Kumsahihisha baba mbele ya watu kulikuwa ni ugomvi wa siku nzima.

Siku moja akaja Rizuane, mstaafu wa forodha, ambaye Kireno alikisoma vizuri. Akavaa miwani, akainama, akamtafsiria mwenyeji wake: "'Mbuzi wa Mzee Rizuane ameingia tena jikoni kwa Domingas. Mwenyewe anasema mbuzi hana kosa, jiko ndilo halina mlango.'"

Bashiru hakujua aangalie wapi.

"Nilisema hivyo kweli," Rizuane alisema. "Ila mabomba siyaoni."

Umi alitegemea baada ya hapo ataachwa apumue. Wapi. Baba alitangaza kuwa atakuwa engenheira anayejua na kuandika.

Mambo yalichacha Umi alipoingia darasa la kumi na moja, ambako mwanafunzi huchagua sayansi au letras, yaani lugha na historia. Umi alichagua letras. Bashiru akavaa kanzu yake ya Ijumaa, siku ya Jumanne, akaenda shuleni akamhamishia sayansi. Kesho yake Umi akajirudisha. Baba akaenda tena. Mkurugenzi wa shule akawaita wote wawili, akawaomba wakagombane nyumbani.

Nyumbani wakagombana.

"Nimevuka mto na dude lile kwa ajili yako."

"Hukuniuliza, Baba. Miaka yote hii hukuniuliza hata mara moja. Fizikia siiwezi na siitaki. Mimi nataka kusoma habari redioni."

"Redio nayo ni kazi?"

"Basi kama uinjinia ni mtamu hivyo, nenda wewe ukasome."

Chamima aliacha kuchagua mchele. Maneno kama yale mtoto hamwambii baba yake, na Umi mwenyewe alijishika mdomo. Bashiru akatoka. Siku kadhaa alizungumza naye kwa kupitia mama. "Mwambie Umi asogeze chumvi," na Umi kakaa mbele yake.

Jumamosi Umi alimkuta baba kwenye kompyuta, ameshika kipanya kwa mikono miwili kama mtu aliyemdaka kaa.

"Shule ya watu wazima wamenipokea," alisema bila kugeuka. "Nimewaambia nataka uinjinia. Wamesema Kireno kwanza."

Umi alidhani anataniwa. Hakuwa anataniwa. Kule Mtwara, baba alieleza, alimaliza darasa la saba akiwa hashikiki kwa hesabu, na mjomba aliyemlea akamtia dukani siku ya pili yake.

Hasira ya Umi ilikuwepo bado, ila haikujua tena iende wapi.

"Ungeniambia, Baba."

"Ningekuambia, ungesoma fizikia?"

"Nisingesoma."

"Basi." Akakohoa. "Na hizo letras zako sitazigusa tena. Nifundishe."

Kumfundisha kukawa adhabu nyingine. Alibonyeza mara tatu palipotaka mara moja. Sentensi nzima ilimpotea, akamlaumu Umi. Na kila kitenzi alikibishia.

"Kwa nini 'ser' iko mbali na 'estar'? Si yote ni kuwa?"

"Baba, andika tu."

"Naandika. Lakini nieleze kwanza."

Umi akavuta kiti, akaanza kumweleza kwa mara ya nne.